Silikoni ya nje haizuii tangi la samaki kuvuja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa safu ya mambo ya nyumbani, ambaye Jumamosi iliyopita alimshauri msomaji wa Mikocheni mwenye tangi la samaki linalovuja. Msomaji aliuliza vizuri: tangi lake la urefu wa mita moja linadondosha maji kwenye kona ya chini, na katikati ya mshono wa vioo anaona viputo vyeupe. Akajibiwa anunue bomba la silikoni “yoyote ya dukani”, akaushe kona kwa nje, apake, asubiri saa moja, basi. Mimi ni fundi vioo, nina kibanda changu hapa Ngamiani, Tanga, na katika jibu lile sioni hatua hata moja ambayo ningemruhusu kijana wangu wa kazi aifanye mbele ya mteja.

Nianze na hilo la kupaka nje. Maji yako ndani na yanasukuma kwenda nje. Silikoni ikikaa ndani ya kona, msukumo huo unaikandamiza kwenye kioo. Ikikaa nje, msukumo uleule unaibandua. Itazuia tone leo, pengine na kesho, maana ina ubishi wake, lakini maji yameshapita mshono na yanatembea nyuma yake yakitafuta mahali pengine pa kutokea. Ndiyo maana mtu aliyeziba kona ya kulia kwa nje hukuta kona ya kushoto imeanza, akadhani tangi lina mkosi.

Watu hawajui nguvu ya maji yaliyosimama. Tangi la urefu wa mita moja, upana sentimita 40 na kimo cha maji sentimita 50 lina lita 200, yaani kilo 200, bado hujatia mchanga wala mawe. Kioo cha mbele peke yake kinasukumwa nje kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 125 hivi, na robo tatu ya nguvu hiyo inaangukia nusu ya chini ya kioo. Upana hauna habari: tangi likirudi nyuma sentimita 40 au mita kumi, kioo cha mbele hakibebi zaidi. Kinachotisha ni kimo. Punguza maji yafike nusu, na msukumo unabaki robo tu. Kwa hiyo mtu anayesubiri fundi jambo la kwanza ni kupunguza maji, na kabla hajatumbukiza mkono achomoe nyaya zote ukutani. Nimeingia nyumba za watu nikakuta ekstensheni imelala sakafuni chini ya tangi linalodondosha, na watoto wanapita peku.

Sasa hiyo silikoni “yoyote”. Hapa ndipo samaki wanapokufa.

Silikoni nyingi zinazouzwa madukani mwetu zimetengenezwa kwa bafu na jiko, na zimetiwa dawa ya kuua kuvu ili kona za bafu zisiwe nyeusi. Dawa hiyo haichagui. Inatoka polepole ndani ya maji na samaki anaipokea kwenye mashavu yake saa ishirini na nne. Kinyozi mmoja hapa mjini alinijia analalamika kwamba maji ya bomba yamewekwa sumu, maana samaki wake wa dhahabu walikuwa wazima jioni na asubuhi wanaelea. Nikamwomba anioneshe bomba la silikoni aliyozibia. Lilikuwa bado juu ya kabati, limeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi kubwa kuwa linazuia kuvu. Alikuwa hajalisoma, na aliyemuuzia alimwambia zote sawa.

Wauzaji wengi ni vijana wazuri, hawana ubaya. Tatizo wamefundishwa kuuza silikoni ya choo. Niliingia duka moja, muuzaji akanisalimia:

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Hii ina dawa ya kuvu?”

“Ndiyo nzuri hiyo mzee, haioti weusi hata miaka.”

“Sitaki nzuri. Nipe isiyo na dawa.”

Akaniangalia kama mzee niliyechanganyikiwa na jua. Inayotakiwa ni silikoni tupu, asilimia mia, isiyo na dawa ya kuvu, isiyo ya bafu. Ikiwa imeandikwa inafaa kwa tangi la samaki, umemaliza. Kama haikuandikwa, soma maelezo ya nyuma mpaka uridhike, na usiporidhika irudishe rafuni. Zile zinazosema zinapakika rangi juu yake ziache kabisa, hizo kwa kawaida ni gundi ya akriliki ya kuzibia nyufa za ukuta na hazikuumbwa kukaa majini. Inayonuka siki unapoibana, mimi ndiyo ninayoitumia kwa kioo juu ya kioo. Wajenzi hawaipendi kwa sababu ile asidi inakula chuma na haipatani na zege, lakini kioo hakina shida nayo. Harufu ile ni asidi ya siki ikitoka wakati silikoni inaiva. Ikiisha kutoka yote, kinachobaki hakiwadhuru samaki.

Na isitumike sabuni ya kipande, naomba. Najua madereva wanaziba nayo tangi la mafuta la gari likitoboka njiani na wanafika Korogwe salama. Petroli haina samaki.

Turudi kwenye ushauri wa kupaka juu ya kilichopo. Silikoni mbichi haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kuiva. Wapika keki wanalijua hili kuliko mafundi, wananunua vyombo vya kuokea vya silikoni kwa sababu keki haing'ang'anii. Ukipaka mpya juu ya ya zamani utapata kitu kinachopendeza macho, lakini kati ya ya juu na ya chini pana njia ya maji. Hakuna kiraka hapo. Kuna kubandua yote na kuanza upya juu ya kioo kitupu.

Lakini kubandua ipi? Tangi la vioo lisilo na fremu lina silikoni za aina mbili, na msomaji wa Mikocheni ilibidi aambiwe hili kabla ya lolote. Kuna ile nyembamba iliyobanwa kati ya ukingo wa kioo kimoja na uso wa kioo kingine. Sisi kibandani tunaiita ya kati. Hiyo ndiyo inayoshikilia tangi lisifunguke. Halafu kuna ile ya kona, mstari unaouona na kuugusa kwa ndani, ambao kazi yake ni kuzuia maji yasiifikie ya kati. Ya kona ikichubuka unaweza kuibadilisha ukiwa nyumbani kwako. Ya kati ikiharibika, tangi lote linafunguliwa vioo vitano, vinasafishwa, vinaunganishwa upya.

Utazijuaje? Tazama kwa nje, kwa tochi, kwenye unene wa mshono. Ya kati iliyo nzima inaonekana imejaa mfululizo, nyeusi au angavu kutegemea rangi yake. Ukiona viputo vinavyoongezeka, au weupe unaotambaa kutoka pembeni, au maji yameingia humo, silikoni imeachia kioo. Dalili ya ya kona kuchoka ni ya kijani: mwani unaanza kuota nyuma ya mstari, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Mwani hauwezi kukaa pale bila maji kupita, kwa hiyo umekuonesha njia kabla tone halijaanguka.

Mara nyingine tangi halivuji kabisa. Mpira wa pampu ya hewa unapandisha maji na kuyateremsha nje taratibu, au viputo vya pampu vinarusha matone ukingoni yanayoshuka hadi chini. Kausha nje kote, zima pampu, bandika karatasi ya chooni kuzunguka chini, kaa uone. Kama ni tundu kweli na samaki wameshaondolewa, chora mstari kwa kalamu kwenye usawa wa maji uache yashuke yenyewe. Yakigoma kushuka zaidi, tundu liko kwenye kimo hicho, haijalishi tone linaonekana wapi kwa nje. Maji yakishaingia kwenye mshono yanaweza kusafiri nusu ya tangi kabla ya kujitokeza.

Kwa wale ambao ni ya kona tu, kazi yenyewe naieleza, maana safu yenu ina wasomaji wengi na wengine wako mbali na fundi.

Samaki watoe kwenye diaba pamoja na maji yao ya zamani, siyo ya bomba, na pampu ya hewa iendelee. Sponji ya chujio ikae humohumo, ibaki imelowa: bakteria wanaokula uchafu wa samaki wanaishi ndani yake, ikikauka au ukiiosha kwa maji yenye klorini unarudi mwanzo na samaki wanaungua kwa amonia wiki kadhaa. Funika diaba, maana samaki aliyeshtuka anaruka. Kipande cha wavu wa dirisha kinatosha. Chandarua hapana, vyandarua vingi tunavyopewa vina dawa ya mbu, na dawa hiyo kwa samaki ni sumu kali.

Tangi likiwa tupu libebeni kwa chini, watu wawili au zaidi, kamwe msilinyanyue kwa ukingo wa juu. Acha likauke. Kisha wembe mpya, siyo uliokwisha kunyolea, ulaze karibu na kioo ukate mstari wa ndani pande zote mbili ili utoke kama utepe. Usiusokomeze wembe kati ya vioo, hapo utakata ile ya kati na utakuwa umejitafutia kazi kubwa. Toa kona zote: nne zilizosimama na nne za chini. Watu wanataka kutoa moja tu inayovuja. Pale mpya itakapokutana na ya zamani haitashikana, na kuvuja kutahamia hapo.

Kinachobaki baada ya utepe kutoka ni utando mwembamba usioonekana. Huo ndio unaokula muda, na ndio mafundi wa haraka wanaouacha. Pitisha kucha: pakiwa na mpira, kucha inakwama, pakiwa kioo kitupu, inateleza. Kwangua tena. Halafu futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, ukibadilisha kitambaa kila kikichafuka, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Ile ya saluni ya kutolea rangi za kucha mara nyingi imetiwa mafuta na manukato, inaacha ulaini ambao ndio tunaoukimbia. Asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo madirisha wazi, jiko la gesi limezimwa, na anayevuta sigara aende barazani. Baada ya hapo usiguse kona kwa vidole vitupu, jasho letu la pwani nalo ni mafuta.

Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi magari, pande zote mbili za kona ukiacha nafasi ya milimita sita hadi nane kila upande. Kata mdomo wa bomba mshazari. Bana bunduki ya silikoni bila kusimama kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho, lainisha kwa kidole chenye glavu mkupuo mmoja, na tepu uitoe papo hapo. Kwa joto la huku silikoni inaanza kutengeneza ngozi ndani ya dakika kumi hivi, na ukivuta tepu baada ya hapo unavuta na ukingo. Usilowanishe kidole kwa mate wala maji ya sabuni. Kona zote nane zimalizwe kwa mkao mmoja, mbichi zikutane na mbichi.

Kuhusu saa moja ya kusubiri, sielewi ilitoka wapi. Silikoni hii haikauki kama rangi. Inaiva kwa kuchukua unyevu wa hewa, ikianzia juu kwenda ndani, kiasi cha milimita mbili au tatu kwa siku. Saa moja umepata ngozi tu, chini yake ni ugiligili. Sisi wa Tanga na Dar hewa yetu ina unyevu wa kutosha, tuna bahati. Mtu wa Dodoma wakati wa kiangazi aongeze muda. Mimi tangi la nyumbani naliacha wiki nzima, na la kimo kikubwa zaidi ya hapo. Kipimo cha mtu asiye na haraka ni pua: ingiza kichwa ndani, ukisikia siki bado.

Kulijaribu, liweke nje au bafuni, siyo sebuleni juu ya kapeti. Meza ipimwe kwa pima maji mbele, nyuma na pembeni, kwa sababu meza iliyopinda inalisokota tangi na kuchana silikoni hata iwe ya dhahabu. Tangi ambalo kioo cha chini kinalala moja kwa moja juu ya meza litandikiwe lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni, linameza vijiwe na vinundu. Lenye fremu ya plastiki inayoinua kioo cha chini halitandikiwi. Tia maji theluthi, liache siku, nusu, siku nyingine, kisha lijaze. Maji hayo ya kwanza yamwagwe yote kabla ya kuwarudisha samaki.

Nyongeza kwa wanaofuga mbuna wa Ziwa Nyasa na samaki wa Kigoma, ambao naona wanaongezeka, na mimi nafurahi, maana Wazungu wamewafuga samaki wetu hao miaka mingi kabla yetu. Samaki hao wanataka maji magumu, na maji magumu yanaacha mstari mweupe wa chokaa juu ya kioo. Watu wanaukwangua kwa wembe mpaka konani, na matangi mengi ya aina hii yanayoletwa kwangu yana kovu la wembe palepale kwenye silikoni, juu, kwenye usawa wa maji. Chokaa inatolewa kwa siki ya jikoni tangi likiwa tupu, na kitambaa. Haina haja ya chuma. Na mawe yatangulie kuwekwa chini kabla ya mchanga. Mbuna ni wachimbaji, wakifukua chini ya jiwe lililokaa juu ya mchanga, jiwe linaangukia kioo.

Mwandishi wenu alimaliza kwa kumfariji msomaji kwamba hata tangi kubwa la hoteli ya Berlin lilipasuka, kwa hiyo ni mambo ya kawaida. Lile la Berlin lilipasuka alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022 likiwa na lita milioni moja na samaki kiasi cha 1,500, na halikuwa la kioo. Lilikuwa la akriliki, plastiki nene inayounganishwa kwa gundi ya aina nyingine kabisa. Wataalamu waliolichunguza hawakuweza kuthibitisha sababu moja. Kuachia kwa maungio ya gundi ni miongoni mwa walizozitaja. Lingepasuka saa nne asubuhi, wageni wakiwa ukumbini, tusingekuwa tunalitaja kama faraja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba masahihisho yatoke kwenye ukurasa uleule wa Jumamosi, kwa herufi za ukubwa uleule, maana anayesoma safu ya nyumbani si lazima asome barua. Sentensi mbili zinatosha: silikoni ipakwe ndani juu ya kioo kitupu, na isiwe ya bafu.

Kwa ndugu wa Mikocheni: viputo ulivyovieleza viko kwenye ile ya kati. Usipake kitu, ndani wala nje. Hamisha samaki leo, lipeleke tangi kwa fundi alifungue vioo vyote, na muulize kwanza kioo chake kina milimita ngapi, kwa sababu mafundi wengine huweka chembamba ili kupunguza bei, na kioo kinachobonyea kitachana silikoni mpya kama kilivyochana ya zamani. Akikutajia gharama inayokaribia tangi jipya, nunua jipya, hili otesha maua. Na lile bomba la silikoni, kama ulishalinunua, bafu lako nalo lina kona.

Fundi vioo,
Ngamiani, Tanga